Ng'ombe Ambao Hawakupokewa

Kama Mama Espoir angefunga mdomo wake asubuhi ile, pale kwenye meza ya mapokezi, mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Belyse angeandikwa kama wanavyoandikwa wanawake wote wa Uvira wanaokuja na uchungu, angepelekwa kwenye uzazi wa bure wa serikali, na mengine yangekuwa kazi ya Mungu na ya Dokta Basile. Lakini Mama Espoir alikuwa na kadi, na kwa maoni yake kadi haikutengenezwa ili ilale mkobani.

Ilikuwa kadi ya bima. Espoir, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa kampuni moja inayosimamisha minara ya simu kando ya ziwa, na kampuni hiyo iliwakatia mafundi wake bima ya afya ya kampuni binafsi, pamoja na wake zao na watoto. Kadi ya Belyse ilikuwa na picha yake na jina lake, na chini ya jina, kwa Kifaransa, neno moja tu: mke. Tangu iletwe nyumbani, mtunzaji wake alikuwa mama mkwe. Kule Rugenge, mtaani kwao, aliwaonyesha majirani, akawaonyesha wanakwaya wenzake, na nasikia alimwonyesha hata muuza makaa, ambaye hakuwa ameuliza kitu.

Basi muuguzi Consolée, msimamizi wa uzazi wa bure, alipochukua kalamu na kuuliza jina la mgonjwa, Mama Espoir aliusogeza mkono wake pembeni.

"Huyu haiko muntu wa bure," alisema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Huyu iko na asiransi. Ni bibi ya mutoto yangu."

Kwao mke ni bibi, na bima ni asiransi. Akaiweka kadi mezani taratibu, ili kila mwenye macho aione. Wanawake wa kwenye benchi wakatazamana. Consolée akainua mabega na kumwita Thierry, wakala wa kampuni ya bima, aliyekuwa na chumba chake kidogo hapo hapo kwenye korido.

Thierry hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema kwa sababu najua mtatafuta wa kumlaumu. Alikuwa kijana mpole mwenye shati la pasi, akampa mama shikamoo yake, akaipitisha kadi kwenye mashine yake, mashine ikalia, na Belyse akapewa kitanda chenye pazia. Mama Espoir aliletewa kiti cha plastiki chenye mikono. Alikaa, akanyoosha kitenge chake magotini, akawa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Uvira, na tumwachie furaha hiyo kwa sababu haikudumu.

Aliyekaa naye jirani, mwisho wa benchi, alikuwa Hatungimana, baba yake Belyse. Alikuwa ametoka Luberizi, kule bondeni, kwa pikipiki alfajiri, na mfuko wa mchele wa shamba lake na maziwa ya kumnywesha mzazi. Alipokuta nyumba ya Mama Espoir imefungwa, majirani wakamwelekeza hospitali. Ni mzee wa ng'ombe, mtu wa maneno machache, na hata mjini hakuacha fimbo yake. Yeye na Mama Espoir waliitana bamwana, kama wanavyoitana wazazi ambao watoto wao wameoana, na waliheshimiana kwa sababu hakuna aliyewahi kumkosea mwenzake.

Dokta Basile alitoka nyuma ya pazia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, mutoto amekaa vibaya na damu imeanza kutoka. Lazima nipasue. Haiko kesho, haiko mangaribi. Sasa. Thierry, nipe bon."

Bon ni ile hati ya bima inayoiambia hospitali: fanyeni, sisi tutalipa. Zamani ilitoka Bukavu, lakini tangu vita vikate barabara ofisi ya huko ilikuwa imefungwa, na kila ombi lilikwenda Kinshasa. Thierry aliandika, akatuma. Jibu lilirudi upesi, na huo ndio upesi pekee walioupata siku ile. Alilisoma kimya, kisha akalisoma kwa sauti: katika jimbo lenu uzazi ni bure na unalipwa na serikali, bima hailipi kile ambacho serikali inalipa, ombi limekataliwa.

"Sawa," Mama Espoir alisema, bado hajashtuka. "Basi serikali ilipe. Consolée, andika."

Consolée hakuandika.

"Mama, faili yake imefunguliwa kwa asiransi. Kwetu sheria inasema muntu wa asiransi alipiwe na asiransi yake. Ningemuandika ile saa nilikuuliza jina. Weye ukakataa."

Mjue hali ilivyokuwa. Nyuzi, dawa ya ganzi, glavu, maji ya mshipa, vyote vya kumpasulia mwanamke wa bure, vilikuwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya Consolée, kila furushi na namba yake. Vya mwanamke mwenye bima vilikuwa famasia, na famasia haikutoa hata pamba bila bon. Kununua kwa pesa taslimu? Benki zilikuwa zimefungwa tangu vita, mshahara wa Espoir ulikuwa umekwama huko huko, na Espoir mwenyewe alikuwa mji wa Baraka juu ya mnara, simu yake haipatikani. Kazi yake ni kuwapa watu mtandao, lakini yeye hakuwa nao.

"Fungua kabati!" Dokta Basile alimfokea Consolée.

"Dokta, aliyenitangulia alifungua. Alimuonea huruma bibi mumoja wa asiransi kama huyu. Wakaguzi walikuja, leo anauza maandazi. Niko na watoto, dokta."

"Thierry!"

"Nimetuma tena, dokta. Wanajibu vile vile."

Wahenga walituambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba fahali wawili wakipishana mlangoni kwa adabu, huyu akisema tangulia wewe na yule akisema hapana tangulia wewe, nyasi zinakanyagwa vile vile. Kila mmoja alikuwa na sheria yake, na kila sheria, ukiisoma peke yake, ilikuwa na akili. Serikali haikutaka kuwalipia wenye mlipaji. Bima haikutaka kulipia cha bure. Katikati yao alilala msichana mmoja akitoka damu, na kosa lake lilikuwa kuwa na haki mara mbili.

Kutoka nyuma ya pazia Belyse alianza kuita, "Mama! Mama!" Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Aliyekuwa akiitwa pale ni Mama Espoir, na Mama Espoir alijua. Sauti ile ilimchoma mahali ambapo hata kifo cha mumewe hakikufika. Aliinuka kwenye kile kiti chenye mikono, akaenda kusimama mbele ya Thierry.

"Mutoe mu iyo mashini yako."

"Mama, haiwezekani. Akishaingia, ameingia."

"Weye ulimuingiza. Mutoe."

"Mama yangu, minye sina nguvu ile."

"Muntu anatokaka namna gani, basi? Niambie. Bibi ya muntu anatokaka mu asiransi namna gani?"

Thierry aliinamisha kichwa juu ya mashine yake.

"Kwa talaka ya tribinali," alisema, yaani ya mahakama. "Ao kwa kifo." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na vidole vyake, "Ao kama hakukuwa bibi yake. Kama walituandikia uongo. Pale ninafunga faili minye mwenyewe, hapa hapa, bila kuuliza Kinshasa. Na Espoir atahesabika alitudanganya, kampuni yake itaulizwa." Aliinua macho mara moja, akayarudisha chini. "Lakini minye sikukuambia kitu."

Mama Espoir alipiga hesabu haraka. Belyse na Espoir hawakuwa wamefika kwa meya, wala padri hakuwa amewafungisha ndoa. Walisema wataenda mtoto akishazaliwa, kama wengi wanavyofanya. Kilichowafanya mume na mke ni ng'ombe wa mahari. Mkuu wa mtaa aliandika karatasi kwamba ng'ombe wametolewa, na karatasi hiyo ndiyo iliyozaa kadi. Ukiondoa ng'ombe, hakuna mke. Hakuna mke, hakuna kadi. Kabati linafunguka.

Ila ng'ombe hawaondoki peke yao. Mama Espoir ni Mfuliiru, Hatungimana ni Mrundi wa bondeni, na wanatofautiana mambo mengi, lakini hili wote wamelelewa nalo: mtoto anayezaliwa kabla ya ng'ombe ni wa baba wa msichana. Atapewa jina huko, atakulia huko, na mama wa mvulana ataishia kumwona kama anavyoonwa mtoto wa jirani. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na kwa mwana wa pekee. Na ng'ombe wale! Aliuza mawese tangu Espoir yuko shule ya msingi, akanunua ndama mmoja mmoja, akawalisha kwa watu, na siku ya kuwapeleka Luberizi alitembea nyuma yao kwa miguu akiimba mpaka sauti ikakauka. Sasa aseme hawakwenda? Mbele ya foleni nzima? Na mbele ya yule aliyewapokea? Kwa watu wale neno la ng'ombe halisemwi kwa mzaha. Likisemwa hadharani limesemwa.

Pazia lilifunguka. Glavu za Dokta Basile zilikuwa nyekundu.

"Mama, ninawapoteza wote wawili."

Mama Espoir akageuka katikati ya korido, akawakabili wale wale aliowaonyesha kadi.

"Mushuhudie," alisema. "Huyu binti haiko bibi ya mutoto yangu. Ng'ombe hatukutoa."

Mwanamke mmoja wa kwenye benchi alishika mdomo. Thierry alisimama, mashine mkononi.

"Mama, muntu wa upande wa binti naye aseme vile vile. Baba yake iko hapa?"

Alikuwapo. Macho yote yalimwendea mwisho wa benchi. Hatungimana alijiinua kwa fimbo yake, polepole, na alipokwisha kusimama alikuwa mrefu kuliko walivyodhani.

"Bamwana," alisema. "Rudia."

"Ninasema ng'ombe hazikufika kwako."

Mzee hakuwa amefuata habari za mashine na bon. Alichosikia ni kwamba binti yake anakufa, na kwamba familia iliyomchukua sasa inamkana. Mambo hayo hutokea. Kuna watu humkana mgonjwa ili wasimzike.

"Leo?" alisema. "Leo ndio unamukataa? Alipokuwa anakupikia, anakufulia, alikuwa bibi. Leo anatoka damu, haiko bibi?"

"Baba Belyse..."

"Minye nilikula ng'ombe zako kwa siri? Minye?"

Korido nzima ilisikia. Angesema ukweli, kwamba ni hila, Thierry angelazimika kuusikia naye, na faili isingefungwa. Angenyamaza, mzee angeapa mbele ya wote kwamba alipokea, na hapo ndipo Belyse angekufa akiwa mke halali wa mtu mwenye bima. Ulimi hauna mfupa, lakini wake siku ile ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Alimtazama mzee usoni, akanyoosha kidevu kuelekea kwa Consolée.

"Baba Belyse, angalia ile kabati," alisema. "Kwa bibi ya Espoir haifunguke. Kwa binti ya Hatungimana inafunguka."

Mzee aliangalia kabati. Akamwangalia Consolée, ambaye tayari alikuwa na funguo mkononi na machozi machoni. Akaziangalia glavu za daktari. Wale waliokuwa karibu wanasema aliuma meno mpaka taya likaonekana.

"Ego," alisema kwa Kirundi, ndiyo. Kisha kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili asitakiwe kurudia: "Sikupokea. Kwangu hakuna ng'ombe ya watu hawa."

Thierry alibonyeza, mashine ikalia. Consolée hakungoja ilie, alikuwa ameshafungua.

Belyse alipitishwa mbele yao kwenye kitanda cha magurudumu, akageuza kichwa kumtafuta Mama Espoir. Mama Espoir alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji ukawatenganisha. Alirudi, lakini hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama ukutani. Nyuma yake aliwasikia wanawake wa benchi wakinong'ona, na mmoja, jirani wa Rugenge aliyekula nyama ya sherehe ya ng'ombe wale, hakunong'ona sana: "Sasa siku ile tulicheza ndoa ya nani?" Siku nyingine yoyote Mama Espoir angemjibu, na jibu lenyewe lingezungumzwa Rugenge mwaka mzima. Safari hii alimeza.

Aliogopa. Naona niseme hivyo tu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliogopa kwamba amemtoa mjukuu, amemtukanisha mzee wa watu, amemharibia mwanawe kazi, na bado Belyse atakufa. Hatungimana alikuwa amesimama upande wa pili wa korido, na hawakutazamana.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa na mambo ya kipuuzi, na kwa kweli ndivyo alivyocheleweshwa. Dokta Basile alitoa kichwa mlangoni, akasema Belyse mzima, atalala kwanza, na akarudi ndani kabla hajashukuriwa.

Consolée ndiye aliyemleta, amefungwa kitenge, msichana mwenye nywele nyingi. Alisita kati ya wale wazee wawili. Thierry alikuwa bado mlangoni pake, na foleni bado ilikuwa foleni.

"Ninamupa nani?" aliuliza.

Mikono ya Mama Espoir ilikuwa imeshanyooka. Aliona watu wanamtazama, akairudisha chini, akaipangusa kwenye kitenge chake ingawa haikuwa na kitu. Hatungimana aliegemeza fimbo ukutani, akampokea mtoto.

Walitoka nje, kwenye uwazi wa nyuma ambako wenye wagonjwa hupikia. Hapo hapakuwa na wa kuwasikiliza. Mama Espoir alivuta pumzi.

"Bamwana, asante. Umeniokolea wote wawili. Basi yale maneno tuyaache mule ndani. Tulidanganya mashini tu."

"Minye sikuongea na mashini," mzee alijibu. "Niliongea mbele ya watu." Alikuwa akimtazama mtoto, si yeye. "Kesho ninakuletea ng'ombe zako."

"Ng'ombe gani?"

"Zile. Ile ng'ombe Gaju na wenzake, na ndama yake. Nilisema sikupokea. Zilale kwangu namna gani? Minye haiko mwizi."

"Baba Belyse! Barabara ile, na wenye bunduki wale? Watakunyang'anya hata Sange hujafika!"

"Basi watanyang'anya ng'ombe yako. Haiko yangu."

Mama Espoir karibu acheke, na kicheko kilipofika kooni kikageuka kilio, akakizuia. Alimjua mzee huyu. Angezileta. Angetembea nazo bonde zima, jua lote, apite nazo Rugenge mbele ya kila mlango, ili ulimwengu uone kwamba alichokisema hospitali ni kweli, hata kama ni lazima yeye mwenyewe akifanye kuwa kweli.

"Espoir atazirudisha," alisema. "Akitoka Baraka tu, anazirudisha."

"Azirudishe. Mbele ya watu, na nyimbo. Siku ile mutoto ataenda kwenu."

"Na mupaka siku ile?"

"Mupaka siku ile ni wangu. Weye mwenyewe ulisema."

Hasira zilimpanda Mama Espoir. Alitaka kumpigia mtu kelele, akaanza kutafuta nani. Thierry? Kijana wa watu alimpa njia. Consolée? Alikuwa na watoto. Kinshasa ilikuwa mbali na haikumjua. Espoir alifanya tu kile mwanamume mwema anachofanya, akampatia mkewe kadi. Na huyu mzee hapa alikuwa amesema uongo kwa ajili yake, uongo wake wa kwanza huenda tangu utoto, na sasa alikuwa tayari kulipa ng'ombe ili usiwe uongo. Hasira ikakosa pa kukaa, ikamrudia mwenyewe.

Mtoto alipiga chafya. Akaanza kuchezesha midomo akitafuta ziwa, na kichwa chake kikageukia upande wa Mama Espoir.

"Nipe nimushike," alisema.

Hatungimana hakumpa. Hakumsogeza mbali, hakukunja uso. Alingoja tu, kama angemngojea mgeni yeyote aliyeingia uani kwake akanyooshea mkono kitu bila kuomba. Mama Espoir alielewa. Damu ilimpanda usoni, yeye nyanya wa mtoto huyu kwa damu na kwa ng'ombe na kwa miaka yote ile ya mawese. Alikunja goti kidogo, kama inavyopasa.

"Baba Belyse," alisema, "ninakuomba mutoto. Ninamushika kidogo, ninakurudishia."

Ndipo mzee akampa. Mama Espoir alimpokea kwa mikono miwili, kama kinavyopokewa kitu cha watu.